Mbuzi Ndani ya Kaseti

Saa nne na dakika kumi asubuhi lori letu lilisimama. Nina hakika na wakati huo kwa sababu nilikuwa nimevaa saa ya Baba, pana kuliko mkono wangu, nikijifunza kuisoma. Tulikuwa katika msafara uliosindikizwa na wanajeshi kutoka Bujumbura hadi Kayanza, kwa shangazi, ambako Baba aliamua nikae mpaka vita vipoe. Risasi zilisikika milimani mbele, na mwanajeshi akapita akiamuru turubai lifungwe, mtu asishuke, asipige kelele. Tukabaki gizani, watu kumi na wawili juu ya magunia ya ndagala, harufu ya samaki wakavu na turubai bichi ikitukaa kooni. Mpaka leo nikipita penye ndagala sokoni, huangalia saa.

Kabla ya hapo Baba alikuwa na kazi ndogo mtaani kwetu, Buyenzi. Aliweka kinasa sauti mbele ya redio, akarekodi nyimbo, akazinakili na kuziuza kwenye soko la Jabe. Siku moja, katikati ya rumba, Mama alipaza sauti kutoka uani: "Mwajuma, funga mulango, mbuzi iko inaingia!" Baba hakuwa na kanda ya kupoteza; akainakili na kuiuza hivyohivyo, na mbuzi wake. Mwaka uliofuata Mama alizidiwa na malaria wakati amri ya kutotoka nje usiku imeshaanza. Tulisubiri kuche tumpeleke hospitali. Hakufika alfajiri. Baadaye waporaji wakabeba kaseti zote. Siku ya msafara nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimeanza kuisahau sauti ya Mama.

Saa sita na robo, mwanamume nyuma yetu alianza kuimba kwa pumzi tu. Alikuwa mpishi katika nyumba ya mkubwa mmoja wa Kiriri, na alikumbatia redio ndogo ya kaseti. Muuza nyanya wa Jabe, asiyemjua kabisa, akamwitikia. Walipofika kiitikio cha pili, wote wawili wakanong'ona kwa pamoja, bila kukosea pigo: "Mwajuma, funga mulango, mbuzi iko inaingia!" Wakacheka kwa kubana midomo.

"Uyo ni muke ya mwimbaji," alisema mpishi.

"Apana, papa. Ni mutu ya kuchekesha, walimulipa," alijibu muuza nyanya.

"Ni mama yangu," nilisema. "Mwajuma ni mi."

"We mutoto!" mpishi alinicheka. "Kila Mwajuma wa Buyenzi atasema ivyo."

Baba alisema polepole kwamba baada ya maneno yale ndoo inaanguka, kisha mtu anakohoa mara mbili. Aliyekohoa ni yeye. Mpishi hakucheka tena. Alinifunika kwa koti lake pamoja na redio, ambayo kaseti ile ilikuwa ndani yake, akaiwasha kwa sauti ya chini kabisa, akanibandika spika sikioni. Betri zilikuwa zimechoka, hivyo Mama alisema taratibu na kwa sauti nzito kuliko alivyosema siku ile, lakini alikuwa yeye. Niliomba arudie. Alirudia mara nne, betri zikaisha.

Tuliondoka saa tisa na dakika ishirini na tano. Wazee husema milima haikutani, binadamu hukutana. Sisi tulikutana kwa sababu milima ilitufungia. Tulipofika Kayanza, Baba alimpa mpishi faranga elfu mbili ili amuuzie kaseti, pesa zote zilizobaki. Mpishi akanipa kaseti mkononi, akamrudishia Baba elfu moja na mia tano.

"Nilinunua Jabe, papa. Bei ya Jabe naijua."

Siku hizi napita barabara ile madirisha yakiwa wazi, na kila abiria ana muziki wake masikioni. Huwezi kujua nani anapenda nini. Wimbo ule nimeupata kwenye simu, bure, safi kabisa. Pale kwenye kiitikio cha pili hapana mtu. Magitaa yanaendelea tu. Nikifika nyumbani naweka kaseti. Bado inacheza, na iligharimu faranga mia tano.