Nusu Kizibo

Baba mkwe alinipa msimu mmoja tu. Kipande chetu cha mteremkoni kule Karambi kilikuwa kimechoka, mahindi yake yalikuwa ya kuchekesha, na mzee alikwishaamua kupanda mikaratusi. "Kama mahindi haitasimama, hii shamba inaenda kwa miti," aliniambia. Mume wangu alifanya kazi Mweya, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Aliyelima pale ni mimi, na wanangu walikula kutoka pale. Sikulia. Nilikasirika, na mimi nikikasirika nafanya kazi vizuri.

Nilikuwa na jambo nililoliona kwa macho yangu nyuma ya kinu kimoja cha kahawa, Bwera. Lundo la makapi lilikuwa limeachwa hapo miaka, chini limegeuka jeusi na laini. Magugu yaliyoota kando yake yalikuwa na afya kuliko mahindi yangu. Nikaomba makapi yale yaliyooza, nikachanganya na mavi ya mbuzi, nikafunika kwa majani ya migomba. Niliyageuza na kuyanyunyizia maji mpaka mboji ikaiva, nikaitia katika kila shimo kabla ya kupanda.

Ugonjwa wa mteremko ule niliujua. Tulizoea kuweka mbolea ya dukani kizibo kizima cha soda kwa kila shina, kisha mvua ikaishusha mtoni. Udongo haukuwa na kitu cha kuishika. Mboji huishika na kuipa mizizi kidogo kidogo, kwa hiyo nusu kizibo ingetosha. Nilikuwa na hakika, na nilijitapa.

Mama mkwe alinikuta napima nusu nusu, akaguna. "Unanyima mahindi chakula?"

"Mama, wewe ngoja tu. Utaona."

Mahindi yakakolea kijani, nami nikawa natembea kifua mbele. Yalipofika kiunoni nikaweka mbolea ya kukuzia, nusu kizibo vilevile, nikaifukia. Siku chache baadaye nikakuta mistari minne ya kando ya njia imeungua, majani yamekauka kingo. Nikapiga magoti. Chembe nyeupe za mbolea zilikuwa zimerundikwa juu ya udongo, zikigusa shina. Mkono huo haukuwa wangu, na mahali mfuko wa mbolea ulipo tulipajua wawili tu, mimi na mama mkwe.

Nilitaka kupasuka. Kabla sijainuka, mzee akafika njiani kukagua, mkewe nyuma yake na jembe begani. Pale aliposimama aliona ile mistari iliyoungua tu. "Ndiyo hii mahindi yako?"

Kwetu mkwe hamshtaki mama mkwe mbele ya mumewe. Nikauma ulimi, nikijua kimya changu kinanipokonya shamba.

"Ni mimi," mama mkwe akasema. "Niliona anaweka kidogo, nikaongeza. Niliogopa mahindi itashindwa, uichukue shamba."

Mzee akaanza kufoka. Mama akamkatiza. "Kwanza ingia ndani uone!"

Akaingia. Alizunguka shamba lote, akainama mara mbili tatu kufukua kwenye mashina, akatoka na vidole vyeusi. "Iko muzuri," akakubali, bila kunitazama. "Basi, hii shamba inabaki kwake."

Nilikaribia kupiga vigelegele. Mama mkwe hakutabasamu hata kidogo.

"Nimelima hapa tangu unioe," akamwambia mumewe. "Nimezaa hapa, nimezika hapa. Hakuna siku uliniambia hata mustari moja ni yangu. Mimi yangu iko wapi?"

Nilimpenda mama yule siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote, na niliona aibu kwamba mimi pia sikuwahi kujiuliza sehemu yake iko wapi. Nikamshika mkono, nikampandisha hadi sehemu ya juu, penye mahindi mazuri kuliko yote, nikamwambia, "Mama, yako ni hapa."