Asubuhi Tuliposoma Habari za Mkanaani

Jumanne ile nilikuwa nikianika mihogo juu ya mwamba, huku nikiwafikiria Mafarisayo waliolalamika kwamba wanafunzi wa Yesu hawakunawa mikono. Ndiyo iliyokuwa sehemu ya Injili ya siku hiyo. Katika kikundi chetu cha sala, upande wa Migori, tulisoma Injili ya Mathayo kila asubuhi kwa mpangilio, bila kuruka. Msomaji nilikuwa mimi. Nilijifunza kusoma peke yangu nikiwa mama wa watoto watatu, kwa vitabu vyao vya darasa la kwanza, na tulitumia Biblia ya Kiswahili kwa sababu ndiyo iliyokuwa na herufi kubwa.

Dani Awino, bibi mkuu wa kikundi, alikulia ufuoni Homa Bay. Kwa maoni yake Mafarisayo hawakuwahi kula samaki. Anayekula samaki hunawa kabla na baada, wala hamhubirii mtu.

Wiki nzima ng'ombe walikuwa wakiibwa kuvuka mto unaotutenganisha na kabila jirani, huku na huko. Saa nane mchana nyumba ya kwanza ilishika moto.

Mishale ilianguka kwenye mahindi.

Tulikimbia.

Kufikia jioni tulikuwa watu thelathini na kitu ndani ya kanisa la mabati, sokoni. Dani alikuwa amebeba kuku wawili na kusahau viatu. Mimi nilikuwa na Biblia na sufuria. Jirani yangu Boke alikuwa na mtoto mgongoni. Alizaliwa ng'ambo ya mto, kwa hao waliotuchomea. Mumewe, mtu wa kwetu, alikuwa kazini Homa Bay.

Wanaume wakaanza kunong'ona. Odhiambo, fundi wa baiskeli, alisema wazi kwamba Boke aondoke, kwani vijana wetu wenye mapanga wakijua yumo, watatuingilia sote. Kumtoa barabarani kulikuwa sawa na kumkabidhi kwao. Wakakubaliana aende asubuhi, baada ya sala.

Kulipokucha nikafungua sehemu ya siku. Mwanamke Mkanaani, wa taifa jingine, anamlilia Yesu. Wanafunzi wanataka afukuzwe. Yesu anamwambia chakula cha watoto hakitupiwi mbwa. Ningemsomeaje Boke maneno hayo? Nikageuza kurasa mbili.

Dani hakujua kusoma, lakini alijua mpangilio.

"Min Akinyi, jana ilikuwa mikono," akasema, akiniita kwa jina la binti yangu. "Leo ni yule mama. Rudi."

Nikarudi. Nikasoma mpaka pale mwanamke anapojibu kwamba hata mbwa hula makombo ya mezani.

"Huyo ana adabu," akasema Boke. "Mimi ningeuliza kwanza kama makombo yana samaki."

Dani alianza kucheka, kisha kanisa zima. Odhiambo alicheka mpaka akakohoa. Niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona katika masomo yangu ya awali: wanafunzi walichoka na kelele za yule mama, lakini Yesu alimwacha ajibu. Sala ikaisha. Hakuna aliyemwambia Boke aondoke.

Saa nne vijana wetu wakafika, mapanga mikononi.

Wakauliza kama kuna mtu wa ng'ambo.

Odhiambo akasimama katikati ya mlango.

"Humu mna wake wa ndugu zangu na kuku wawili wa Dani," akasema. "Kuku tunaweza kuzungumza bei."

Mmoja akacheka. Wakaondoka.

Boke yu hai. Ana wajukuu Homa Bay, na hunitumia omena, dagaa wa ziwani, na salamu za utani. Nyumba zilizoungua tulizijenga upya, maghala pia.

Lakini vijana wale walipotoka kwetu walipita vibanda vya nyuma ya kanisa. Katika kimoja, kibanda chake cha biashara, alikuwa amejifungia mzee wa ng'ambo, muuza wimbi, tangu jioni ya kwanza. Walimuua humo. Sote tulimfahamu, na uji wetu ulitoka kwake. Kanisani nafasi ilikuwapo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ametoka kwenda kumwita.