Pingu ya Usukani

Kaa karibu, maana jambo hili silisemi kwa sauti kubwa. Wala usinitazame kwa jicho hilo. Sinywi, sivuti, na siku ile sikuwa na homa. Nililiona mchana, saa saba na nusu, jua limesimama utosini na kivuli changu kimejikunyata miguuni. Watu hudhani mambo haya ni ya usiku tu. Laiti lingekuwa la usiku, ningejidanganya kwamba sikuona vizuri.

Mimi ni fundi wa vitasa. Miaka hiyo ya vita vya pili nilikuwa na kibanda changu Wete, njia ya kushukia bandarini. Komeo za milango, kufuli za masanduku, taa za chemni, vyote vilibanwa kwenye jiliwa langu. Halafu motokaa zikaingia kisiwani, na mimi nikaingia nazo.

Utaniuliza, motokaa Pemba iibwe ipelekwe wapi? Swali zuri. Lakini wezi wa wakati ule hawakuitaka motokaa nzima. Petroli ilikuwa kwa cheti, na mipira ya magari haipatikani hata ulie machozi. Waliisukuma gari kimyakimya mpaka vichakani, wakaifyonza petroli, wakaivua mipira, wakaiacha imekaa juu ya mawe. Bwana Nassor alikuwa na motokaa ya kuchukulia abiria na karafuu baina ya Gando na Wete, na wezi walishamfanyia hivyo mara mbili. Tena saa ya sala ya Ijumaa, watu wote wamo msikitini! Wana haya hao?

Akanijia kibandani. "Fundi, nambie, huwezi kunifanyia kitu? Nataka mwizi akae kwenye gari mpaka ndevu zimwote, na gari isende."

Nikasema naweza. Mtu akiniambia kitu hakiwezekani, au akiniuliza tu, basi mimi silali.

Kwanza nilitia mnyororo kwenye usukani, nikaufunga kwenye mguu wa kiti. Nikajiona bingwa. Kesho yake mchukuzi mmoja aliung'oa mguu wa kiti kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika muhogo anakula. Nikatia swichi ya siri chini ya kiti, ya kukata umeme usifike kwenye plagi. Siri hiyo ilidumu siku nne. Dereva alimwambia rafiki yake, rafiki akamwambia kinyozi, na kinyozi wa Wete akishajua kitu, huna tena haja ya kukipigia mbiu. Mara ya tatu ndipo nilipopata. Nilichukua springi ya lori bovu, nikaipasha moto, nikaipinda, ikawa fimbo ya chuma yenye kulabu mbili. Moja inashika usukani, nyingine inashika pedeli ya klachi, na katikati kitasa chenye ufunguo mmoja. Usukani haugeuki, klachi haikanyagiki, gia haiingii. Nikaiita pingu. Wachukuzi watatu waliihangaikia tangu asubuhi mpaka adhuhuri, wakaishia kuniomba maji. Niamini, usiku ule niliilaza kando ya mto wangu, mke wangu akanicheka mpaka akachoka.

Dereva wa motokaa ile alikuwa mdogo wangu, Omari. Hapa nisikilize vizuri, maana uchungu wote umo hapa. Omari alinyonya ziwa la mama yangu, Bi Mize, akabebwa mgongoni kwake, lakini Bi Mize hakumzaa. Aliyemzaa ni mwanamke wa bara, Nyamizi, aliyekuja msimu mmoja kuchuma karafuu katika shamba alilosimamia baba. Baba alimwoa kwa siri, na kwa siri akamzika, mtoto ana siku tatu. Akamleta nyumbani amemfunga kwenye kaniki. Nilikuwa na miaka minane na niliona kwa macho yangu. Baba akatuapisha kwamba huyu ni wa Bi Mize, na maneno yakaishia hapo. Sisi tulikuwa watu wa kujisifia asili, kila harusi tunawataja mababu mpaka wageni wanasinzia. Jina la mchumaji wa bara lingekaa wapi humo? Omari mwenyewe hakuambiwa. Alikua kijana mcheshi, anaimba akiendesha, na mwaka huo alikuwa ameposa kwa jamaa za Bwana Nassor.

Basi Bwana Nassor aliigeuza pingu, akaisifu, kisha akasema, "Nzuri, fundi. Lakini chuma atakuja mtu na tupa. Mie nataka na kago."

Kago ni kinga ya waganga ya kulinda mali. Mashamba yake yote yalikuwa nayo. Mwaka mmoja mwizi alikutwa asubuhi anauzunguka mkarafuu, gunia kichwani, hajui aendako wala atokako, mpaka mwenye shamba alipomgusa. Watu wazima walimwona. Lakini mimi nilijitia siamini. Fundi wa vitasa atakubali vipi kwamba kitasa chake hakitoshi?

Alhamisi baada ya alasiri akaja mganga kutoka Gando, Mzee Faki, mtu mfupi, mpole, si msemaji. Akaniomba nimtobolee tundu ndani ya kitasa. Akatia alichotia, nikaliziba kwa lehemu. Watu walikuwa wamejaa barazani wakitazama, na wakwe watarajiwa wa Omari wamo.

"Haya, nijulishe watu wake," akasema Mzee Faki. "Hichi hakina macho, hakijui sura ya mtu. Nitajie jina lake na la mama aliyemzaa. Asiyetajwa ni mwizi."

Bwana Nassor akajitaja. Nami nikajitaja. Halafu nikamtaja Omari, ambaye alikuwa amesimama palepale, anajifuta mafuta mikononi kwa kitambaa.

"Omari wa nani?"

"Wa Bi Mize."

Mzee Faki akainua uso. "Aliyemzaa, mwanangu. Si aliyemlea."

Unaona? Nilipewa nafasi ya pili. Watu wangapi hupewa nafasi ya pili?

"Ndiye aliyemzaa," nikasema.

Omari akacheka. "Mzee Faki, mama yangu humjui wee? Kesho nakuletea mkate wake wa kumimina, utamjua."

Miaka mingi nimejiambia kwamba nilificha kwa ajili ya posa yake. Uongo. Nilificha kwa ajili yangu mimi, nisionekane kaka wa mtoto wa mchumaji. Tena ningeweza kumfuata mzee yule njiani nikamnong'oneza. Sikumfuata. Nilijiambia ni michezo ya wazee, nikarudi kuipiga msasa pingu yangu.

Ijumaa Omari alisali ubavuni kwangu, bega kwa bega. Tulipotoka akachukua ufunguo kwangu, akaenda kuifungua motokaa akachukue karafuu Gando. Nilisikia injini inawaka, nikamsikia anaimba mpaka akapinda kona. Alasiri hakurudi. Magharibi hakurudi. Bi Mize alikaa mlangoni na chakula kimefunikwa kawa. Bwana Nassor naye alikuja mara mbili kuuliza, na alichouliza ni hiki: "Mipira yangu ile mipya, fundi, itakuwa salama?"

Jumamosi tuliondoka naye kwa miguu kwenda kutafuta. Tulipokaribia Gando tukaona alama za mipira zimeiacha barabara, zimeingia katika shamba lake mwenyewe, lile la mwizi wa mwaka ule. Tukazifuata.

Motokaa ilikuwa inauzunguka mkarafuu.

Injini ilikuwa imezima. Petroli aliyopewa Omari ilikuwa ya kwenda na kurudi tu, na kwa namna nyasi zilivyosagika, gari ile ilikuwa ikizunguka tangu jana. Haikunguruma. Nilisikia majani makavu tu yakivunjika chini ya mipira. Omari ameushika usukani kwa mikono miwili, midomo imempasuka kwa kiu. Na pingu ilikuwa mahali pake. Mimi niliyeitengeneza nakwambia, ilikuwa imefungwa, kulabu zimeuma barabara, na usukani unageuka.

Nyuma yake amekaa mwanamke. Amevaa kaniki, pakacha la karafuu mapajani, anazichambua. Karafuu anazirudisha pakachani, vikonyo anavitupa nje. Vikonyo vilikuwa vimetanda duara zima, mimi nimevikanyaga.

Nikamshika Bwana Nassor mkono. "Unamwona?"

"Nani? Namwona dereva wangu ananimalizia mipira!"

Gari ikapita mbele yetu. Omari akanitazama, akanijua. "Kaka," akasema, sauti kavu, "kuna mtu nyuma yangu." Ikazunguka. Nilisimama nikiisubiri. Ikarudi. "Aniita mwanawe, kaka." Ikazunguka tena. Mara ya tatu ilikuja polepole, na Omari alikuwa analia bila machozi, maana hakuwa na maji ya kulilia. "Nambie kweli, kaka yangu. Mama huyu nani?"

Mwanamke akaacha kuchambua, akaniangalia. Nilitarajia hasira. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ananisubiri tu, kama mtu aliyebisha hodi na anajua wenyewe wamo ndani. Nilikuwa na jina lake ulimini. Ni neno moja! Lakini Bwana Nassor alikuwa kando yangu, sikio amelitega.

"Hakuna mtu, Omari," nikasema. "Kanyaga breki ushuke."

Yule mama akainamisha kichwa. Akaweka pakacha chini, akanyosha mikono yake miwili kupita mabegani kwa Omari, akaifunika mikono ya mwanawe pale usukanini. Gari ikasimama. Nilipoufungua mlango kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na harufu ya karafuu mbichi ilinipiga usoni mpaka nikakohoa. Msimu ulikuwa umekwisha, mikarafuu yote haina kitu.

Vidole vya Omari havikufunguka. Bwana Nassor alimgusa, kama alivyomgusa mwizi wake, havikufunguka. Ilibidi niukate usukani kwa tupa yangu mwenyewe ndipo tukamtoa. Hakusema neno tena, siku ile wala baadaye.

Nilikwenda kwa Mzee Faki usiku huohuo, nikamwambia yote. Alinisikiliza, akatikisa kichwa. "Mie nalitajiwa Omari wa Bi Mize. Mtu huyo hayupo duniani. Yuno aliyeshika usukani kago halimjui." Nikamwuliza dawa. "Dawa unayo wee. Simama barazani, mbele ya walewale uliowaficha, yeye mwenyewe akisikia, umtaje mama yake."

Kazi nyepesi, siyo? Nilimpelekea mama shauri hilo. Bi Mize alinishika miguu, mama yangu mzazi, akanishika miguu. "Mwanangu, nsubiri nife. Nimemlea kwa ziwa langu, usininyang'anye mbele za watu. Nkishakufa sema utakalo." Nami nikafurahi, ndiyo, nikafurahi, kwa sababu nilipata wa kumsingizia. Nikasubiri mama afe. Mama akawa mzima wa afya.

Posa ilivunjika hata hivyo. Bwana Nassor akatia usukani mpya na dereva mpya. Miaka saba Omari alikaa kwenye baraza yangu, mikono mbele, ameshika duara ambalo halipo, analigeuza kushoto, daima kushoto. Nilimlisha kwa mkono wangu. Kila nilipomtilia tonge mdomoni alinitazama, na nilijua ananiuliza nini.

Akafa yeye kabla ya Bi Mize.

Tulipomlaza kuoshwa mikono ilikuwa vilevile, imekunjika, waosha hawakuweza kuinyosha. Shehe akaja mpaka penye pazia. Unajua kwetu maiti akishafukiwa husomewa talkini, akaitwa kwa jina lake na la mama yake. Shehe akauliza, kwa sauti yake ya kawaida, "Omari wa nani?"

Uwanja umejaa. Bwana Nassor yumo, wale jamaa wa posa wamo. Bi Mize yumo ndani na wanawake, ukuta mmoja tu kutoka tulipo.

"Wa Nyamizi," nikasema. Nikaona haitoshi, nikapaza sauti. "Omari ni mtoto wa Nyamizi, mwanamke wa bara, mchumaji wa karafuu, mke wa baba yangu. Ndiye aliyemzaa!"

Kilio cha ndani kikakatika. Na vidole vya mdogo wangu vikafunguka, kimoja baada ya kimoja, taratibu, mpaka viganja vikalala wazi juu ya ubao. Waosha wawili waliona. Mmoja yu hai mpaka leo, kamwulize.

Ilikuwa rahisi hivyo. Miaka saba.

Watu bado wanakuja kuniomba niwatengenezee pingu kama ile, wanasema tangu siku ile motokaa ya Bwana Nassor haikuguswa tena. Ni kweli, haikuguswa. Nawafukuza. Kitu bora nilichopata kukitengeneza kwa mikono hii kilimkamata mtu mmoja tu, na hakuwa mwizi.

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu nyumbani kwako ambaye asili yake mmeifunika, mwite leo, umwambie. Usingoje nani afe kwanza. Mtajie mama yake angali na masikio ya kukusikia, maana mimi nilimtajia wangu amekwisha kufungwa kidevu kwa kitambaa.