Miguu Iliyokataa Kusimama

Mwaka ule niliwachukia watu wengi, na wa kwanza alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba.

Nilikuwa kidato cha tatu, Kasulu. Darasani sikufungua mdomo, lakini uwanjani nilikuwa na mita mia nne zangu. Wasichana wawili tu wangechaguliwa kwenda kushindana Kibondo, nami niliitaka nafasi hiyo kuliko chakula. Mwaka uliotangulia niliikosa kwa sababu ya salamu. Nilishinda mchujo, kutoka tu nikamkuta shangazi pembeni na kikapu chake cha maharage. Kwetu Waha binti hamsalimu mkubwa huku anapita. Nikainama, nikapiga makofi taratibu, tukaulizana habari za baba, za ng'ombe, za mihogo, za mgonjwa wa Heru Juu. Nilipoinuka mapaja yalikuwa mawe. Kwenye fainali ya siku ileile nikawa wa mwisho, wakaniita mvivu.

Baadaye mwalimu wa baiolojia akatueleza. Ukikimbia kwa nguvu zako zote, msuli hutengeneza asidi ya laktiki upesi kuliko inavyoweza kutoka. Ukisimama ghafla, inakawia humo. Ukiendelea kutembea, damu inazunguka kwa kasi, inaichota na kuipeleka kwenye moyo, kwenye ini na kwenye misuli mingine, inakotumika kama chakula. Wenzangu waliandika huku wakipiga miayo. Mimi niliandika kwa hasira. Kumbe sikuwa mvivu.

Siku ya mchujo ikafika tena, na shangazi naye akafika kutoka Makere, safari hii na wanawake wawili wa kanisani kwake. Nilimaliza mbio za kwanza pumzi imekatika, nikaanza kutembea kuuzunguka uwanja.

"We mtoto! Hunioni?"

"Mwakeye, shangazi," nikamwamkia kwa Kiha, bila kusimama.

"Mwakeye ya kutupiwa, kama mbwa na mfupa? Ndiyo shule hiyo?"

"Nikisimama miguu itakaza, shangazi. Kuna asidi..."

"Asidi! Jamani, mtoto wa kaka yangu ana asidi!"

Wale wanawake wakacheka. Msichana wa kidato cha nne, mpinzani wangu, alikuwa amejinyoosha nyasini akipumzika. Akadakia, "Leo Bubu kasema, kumbe kwa kuwatukana wakubwa!"

Machozi yalinitoka, lakini miguu ikaendelea. Kila nilipompita shangazi, alikuwa na neno jipya: kiburi, mwanamume, nani atakuoa. Nilimwombea mabaya ambayo sitayaandika.

Fainali nilikuwa wa pili. Yule wa nyasini alikuwa wa nne.

Nilikwenda moja kwa moja kumpigia shangazi magoti, maana sasa miguu ilikuwa haina kazi tena.

"Umeshiba mbio, ndiyo umenikumbuka?" Akajitwika kikapu, akaondoka. Makofi yangu yalibaki hewani.

Nyumbani baba alisema, "Umeniaibisha," basi. Hakunizuia kwenda, ila siku ya safari hakuna aliyenisindikiza.

Lori lililotupeleka Kibondo lilipita Makere. Shangazi alikuwa shambani, kando kabisa ya barabara. Wenzangu walipiga kelele na kupunga mikono. Akanyoosha mgongo, akanitazama mimi, mimi tu, kisha akainama tena kwenye jembe lake. Nami sikumpungia.