Sharti la Mitungi Mitupu

Mara ya kwanza kupatana na Mwalimu aliomba siku nne za kazi, nikampa moja. Alikuwa ameacha chaki miaka sita nyuma na kujifundisha kutengeneza programu za mtandaoni, lakini jina la ualimu lilimganda kama kupe.

Mimi nauza oksijeni. Mitungi yangu mia nne na ushee ina rekodi kwenye programu, kila mmoja namba yake, ujazo wake na ulipo. Nilitaka sharti moja tu liongezwe: mtungi usio na tarehe ya kupimwa usalama ukataliwe. Mwalimu akasema rekodi kazi yake ni kueleza mtungi ulivyo. Masharti yawe na faili lake, kila shughuli, kupokea au kutoa, na sharti lake. Nikamwambia hiyo ni kujenga jiko la pili kwa chungu kimoja. Aliweke humo humo kwenye rekodi. Akaliweka, shingo upande.

Kesho yake saa tatu asubuhi gari la hospitali likaja na mitungi mitupu thelathini, lichukue iliyojaa. Karani akaingiza wa kwanza, programu ikaukataa. Wa pili vilevile. Ilikuwa mitungi ya zamani isiyoandikwa tarehe, na sharti lililo ndani ya rekodi halibagui: ukiigusa tu, linauliza. Mitupu isipopokelewa, iliyojaa haitolewi hati, na hospitali haipokei mtungi usio na hati. Dereva akazima injini, akakunja mikono.

Mwalimu alifika simu ikiwa sikioni. Mdogo wake, muuguzi wa hospitali hiyo hiyo, alikuwa akimwambia wodini imebaki mitungi mitano, haifiki adhuhuri.

Nikamwambia alifute sharti, basi. Akavuta kiti cha karani.

“Nikilifuta, mtungi mbovu nao utatoka na hati. Ukitaka, futa kwa mkono wako.”

“Mwalimu, gari linangoja.”

“Linangoja zile siku tatu ulizoninyima, bosi. Nipe saa moja, na usinisemeshe.”

Nilisimama mlangoni nikihesabu vigae. Alilitoa sharti kwenye rekodi, akaligawa katika faili jipya: anayepokea mtungi mtupu aulizwe namba tu, anayetoa uliojaa aulizwe tarehe. Simu ikaita mara mbili, ni mdogo wake; akaigeuza kifudifudi mezani. Saa tano na robo mtupu wa kwanza ukapokelewa. Nikampungia dereva mkono aanze kupakia, Mwalimu akanizuia. Kwanza akajaribu kutoa mtungi usio na tarehe. Ukakataliwa. Ndipo akaanza kuchapa hati.

Gari lilifika hospitali mtungi wa mwisho kati ya ile mitano ukiwa umeshafunguliwa.

Mimi nilipoteza nusu ya oda za hospitali. Walitafuta muuzaji wa pili, na ningekuwa wao ningefanya hivyo hivyo. Nilichopata ni faili ambalo hata fundi mwingine analisoma. Tangu siku ile masharti yamebadilika mara tatu, na rekodi za mitungi hazijaguswa. Mwalimu naye hapunguzi tena siku: nikitaja mbili pale aliposema nne, anafunga kompyuta na kuvaa viatu. Ila mdogo wake alikaa mwezi mzima bila kumsemesha, kwa ajili ya simu ile aliyoigeuza, na hilo hakuna aliyemfidia.