Makopa Yangu Juu ya Sola ya Zahanati

Msinitafutie utetezi, ndugu wasomaji. Kosa ni langu, na nililifanya mchana kweupe!

Zahanati ya kijiji chetu, huku Newala, ilikuwa na jenereta la dizeli. Moshi wake uliwakohoza hata waliokuja na kidonda cha mguu. Tukaletewa sola iwashe taa na friji ya chanjo. Paneli ziliwekwa uani, juu ya vyuma vya kufika kifuani, zifutwe vumbi kwa urahisi. Kamati ikanipa mimi kazi hiyo, kwa kuwa nimefika kidato cha nne.

Nilifuta wiki mbili kwa moyo safi. Kisha nikagusa kile kioo. Jamani, joto lile! Na mbuzi hawafiki! Nikaleta ungo wa muhogo uliomenywa, nikaupanga pale kipande kwa kipande ukauke. Nilijiambia jua ni kubwa, litatutosha sote. Siku tatu tu, makopa meupe kama chaki!

Friji ikazimika. Chanjo za watoto zikaharibika.

Fundi akaitwa kutoka Masasi. Niliposikia yuko njiani, nikaanua makopa, nikafuta vioo vikang'aa. Akapima, akacheka. "Mzee wangu, mtambo huu mzima kuliko mimi."

Akaondoka. Nikaanika tena! Alikuja mara tatu, na mara tatu nikaanua!

Lawama zikamwangukia nesi wetu, Mama Zuhura. Kikao kikaitishwa.

"Fundi kasema mtambo mzima," akasema mwenyekiti. "Sasa umeme anaula nani?"

"Muulizeni sare yake ananyooshea nini. Ulimi?" akadakia mama mmoja. Watu wakaangua kicheko.

Mama Zuhura akanigeukia. "Babu, wewe unashinda pale uani. Umewahi kuniona na pasi?"

Neno moja tu lilitakiwa! Nikakohoa, nikasema siku hizi hata jua limepungua nguvu. Wakaliandika kwenye muhtasari!

Akahamishwa. Alipokuja kuniaga, "Shikamoo babu," nikaitikia huku nimeinamisha kichwa. Kwa aibu nikampa mfuko wa makopa. Akashukuru, akasema hajapata kuona meupe namna ile. Ole wangu!

Kesho yake nikaenda kwa mwenyekiti, nikakiri yote. Nilibeba hata ungo. Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mzee, huruma imekuzidi. Usijibebeshe dhambi ya mla umeme."

Hakuna anayeniamini! Sola imezimwa kwa kumwogopa huyo mla umeme, jenereta limerudishwa, tunakohoa. Nesi mpya hajaja. Akina mama wanapanda pikipiki hadi Newala mjini kutafuta chanjo, na mkwe wangu yumo, mjukuu wangu mgongoni.

Wenzangu mliokabidhiwa mali ya wote, ukweli usemeni palepale kikaoni, anayeonewa akiwa bado amesimama mbele yenu. Mkichelewa, mtausema mpaka mkauke koo, na watu watawapa pole.