Betri za Tata Zilizochanika Ngozi

Asubuhi ile mvua ilikuwa imeshika, nami nilikuwa saluni kwangu Tukuyu mjini namsuka mteja, nimefika nusu ya kichwa, baba yangu alipoingia na koti mkononi. Baba anaishi Kyimo na mama, wanalima chai na ndizi. Haji mjini bila kunipigia simu, na sijawahi kumwona amevua koti kwenye baridi.

"Shikamoo, tata."

Alilinyoosha koti, nikaona mfuko wa pembeni umeyeyuka, umebaki tundu lenye kingo nyeusi.

"Limeungua nikiwa nimelivaa," alisema. "Na sikuwasha moto."

Kutoka mfuko wa shati akatoa kitu kama kitochi kifupi, na betri nene ya kuchaji ambayo plastiki yake ya nje ilikuwa imechanika. Ya pili, alisema, iko nje kwenye majani, ameitupa huko kwa sababu haishikiki kwa moto.

"Hiki ni nini?"

"Sigara. Ya umeme. Kaka yako alinitumia kutoka Afrika Kusini, niachane na ile nyingine."

Nikabaki na rasta mkononi. Ile nyingine ipi? Sisi wote tulijua aliacha sigara zamani, alipougua kifua, na kanisani aliombewa kwa kuacha. Sasa sikuelewa kama alikuwa ananiambia hajaacha, au ndiyo kwanza anaacha, au ameacha kwa kuanza upya. Mteja wangu aligeuka, nusu ya nywele zimesimama, akamtazama baba naye kama anayesubiri jibu.

Nilimwita jirani yangu, fundi simu, ambaye babu yake alikuja huku na biashara ya nguo kutoka Kilwa. Alimwamkia baba, kisha akatoka mvuani na koleo lenye mishikio ya plastiki. Aliitia ile betri ya kwenye majani ndani ya kopo la mchanga mkavu, akaliacha kibarazani, mbali na mlango.

"Mzee wangu, mfukoni ulikuwa na nini kingine?"

"Funguo."

"Basi ni hizo. Plastiki imechanika, funguo zimegusa juu na ubavuni."

Hapo nikajiona mjanja. Nikachukua mkasi na solotepu, nikaishika ile betri nzima ili niizibe pale palipochanika.

"Weka mkasi chini!" fundi alipaza sauti, hata mteja akashtuka.

Akanieleza kwamba kile kitufe cha juu ni chanya, na kilichobaki chote ni hasi.

"Na ubavuni?"

"Ubavuni pia. Hadi hapa kwenye ukingo, karibu kabisa na kitufe. Mkasi ukigusa huku na huku, yanatokea yale ya kwenye koti."

Sikuelewa, na sina hakika kama nimeelewa hadi leo. Mimi nilidhani ubavu ni kama gunzi la muhindi, limebeba tu. Kumbe kinachotenganisha chanya na hasi pale juu ni duara la karatasi nyeupe, na ile plastiki nyembamba kama ganda la kitunguu.

Aliigeuza betri kwenye mwanga, akitafuta kama imebonyea au imevuja. Haikuwa hivyo. Akachana plastiki ya zamani kwa kucha, akianzia chini, mbali na kitufe. Alihakikisha karatasi nyeupe imekaa sawa, kisha akaivisha betri kifuko kipya cha plastiki alichokitoa kazini kwake, kile kinachosinyaa kikipata joto. Alitaka kutumia kiberiti cha gesi, akaona draya yangu, akabadili mawazo. Niliipitisha haraka haraka kama alivyoniambia, betri isipate joto, na plastiki ikajikunja ikabana kingo zote mbili. Nilifurahi kama niliyemaliza kichwa kigumu.

Wakati huo huo simu yangu ikaita. Alikuwa mama.

"Baba yako yuko huko? Muulize nguo zake zinanukia stroberi ya nani."

Nikampa baba simu. Alieleza kwa Kinyakyusa, polepole, juu ya mvuke wenye harufu ya stroberi, kaka na koti. Nilisikia mama akiuliza tu kama ameungua mwili. Baba akasema hapana. Mama akakata.

"Amekasirika?" niliuliza.

"Sijui," baba alisema. "Nilidhani wewe utajua."

Alikichukua kile kitochi, akataka kuirudisha betri ndani. Fundi akamzuia. Hicho kifaa kinataka betri mbili zilizoanza kazi pamoja. Hii huwezi kuichanganya na ngeni.

"Sasa tumeivisha ya nini?" niliuliza.

Fundi aliwaza, akasema inafaa kwa tochi ya betri moja. Akaiweka kwenye kikasha cha plastiki, isiguse kitu.

Baba alishukuru, "Ndaga, fundi," akavaa koti lenye tundu na kuondoka. Betri mpya hakununua. Sigara za dukani, mama anasema, hajamwona nazo. Anatafuna mua mchana kutwa na kugombana na kuku. Mama ananiuliza kama huko ndiko kuacha, nami namwambia tungoje tuone.